Kutoka mita ya LUKU hadi ndani ya nyumba: waya wa 6, wa 10 au wa 16?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Ninamalizia nyumba ya vyumba vitatu Kibaha. Mita ya LUKU itakaa kwenye ukuta wa geti, na kutoka hapo hadi nyumbani ni mita 40 za kuchimba. Fundi wa kwanza ameniandikia waya wa 6. Wa pili anasema bila wa 16 yeye haweki mkono wake. Muuza duka ananiambia wa 6 unabeba ampea 40 na zaidi, hivyo wa 16 ni kutupa hela. Jirani naye kaongeza lake: waya mnene unakula umeme, unit zitakwisha haraka. Nina hita ya kuogea ya papo kwa papo (wati 4,500), AC mbili ndogo za BTU 9,000, pampu ya kisima ya HP 1, jiko la umeme la sahani mbili (wati 2,000), friji, birika, pasi, TV na taa. Nimsikilize nani?"*

Msikilize fundi wa pili, ndugu yangu. Kwa umbali huo na vifaa ulivyoorodhesha, weka kebo ya shaba ya mm² 16. Ya mm² 10 inavumilika kwa masharti nitakayoeleza, na ya mm² 6 iache kabisa. Lakini usikubali namba hiyo kwa kuwa tu mimi au fundi tumeitaja. Hesabu yake ni kuzidisha na kugawanya basi, na ukiielewa utaweza kukaa na fundi yeyote ukamwuliza sababu.

Namba 6, 10 na 16 ni eneo la shaba ukiukata waya na kuutazama usoni, kwa milimita za mraba. Ganda la plastiki halimo. Ndiyo maana waya unaoonekana mnene dukani unaweza kuwa na shaba haba ndani, na hilo nitalirudia tukifika kwenye kununua.

Tuanze na mzigo. Umeme wetu wa fezi moja ni volti 230, kwa hiyo ukigawanya wati za kifaa kwa 230 unapata ampea zake. Hita yako ni karibu 20 A. Jiko ni 9 A. AC mbili za BTU 9,000 huchukua karibu 4 A kila moja, jumla 8 A. Pampu ya HP 1 weka 6 A, kwa sababu mota huchukua zaidi ya ile nguvu inayoandikwa kwenye kibati chake. Birika la wati 2,000 ni 9 A, pasi 5 A, na friji, TV na taa kwa pamoja 3 A. Vyote vikiwaka kwa mara moja unafika 60 A.

Havitawaka vyote mara moja, ila usijidanganye upande wa pili ukasema "mimi natumia kidogo". Chukua saa mbili usiku: mmoja anaoga, jiko linapika, AC mbili zinafanya kazi, pampu inajaza tanki, na taa zimewashwa. Hapo ni 20 + 9 + 8 + 6 + 3, yaani 46 A. Huo ndio mzigo wa kupimia, kwa kuwa ni hali ya kawaida kabisa ya nyumba yenye watu. Breka kuu inayoufaa ni ya 50 A. Birika na pasi zikiongezwa juu ya hapo breka inaweza kukata baada ya muda, na ni haki yake. Tazama pia uso wa mita yako: ukikuta maandishi kama 5(60) A, namba iliyo kwenye mabano ndiyo kikomo cha mita, na mipango yako yote ikae chini yake.

Sasa muuza duka. Hajadanganya, ila amekusomea nusu ya jedwali. Katika kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo mafundi wengi wa ukanda wetu wamefundishwa kwazo, kebo ya shaba yenye waya mbili ndani, ganda la PVC na kinga ya nyaya za chuma, ikifukiwa ardhini, inabeba 46 A ikiwa ya mm² 6, 60 A ikiwa ya mm² 10, na 78 A ikiwa ya mm² 16. Lakini jedwali hilo limepimwa kwa udongo wa nyuzijoto 20. Kwa Kibaha, futi mbili chini ya ardhi, weka nyuzijoto 30, na hapo unazidisha kila namba kwa 0.89. Wa 6 unabaki na 41 A, wa 10 na 53 A, wa 16 na 69 A.

Kanuni ni kwamba uwezo wa waya, baada ya kupunguzwa na joto, usiwe chini ya breka inayoulinda. Breka ni 50 A, hivyo wa 6 umeshatoka kwenye mashindano hata kabla ya kuzungumzia umbali. Ukiulazimisha, hautaungua siku ya kwanza. PVC ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70. Ikizidishiwa kila jioni inakauka, inapoteza ulaini, kisha inapasuka kwenye mkunjo au pale inapoingia kwenye boksi. Mwenye nyumba hujua baada ya miaka, wakati mfereji umeshafunikwa na vitofali vya njia ya gari.

Jambo lililoamua shauri lako, hata hivyo, ni zile mita 40. Kila waya una ukinzani wake, na volti hupungua kadiri mkondo unavyosafiri. Majedwali hutoa kipimo kwa millivolti kwa kila ampea 1 kwa kila mita 1 ya kebo, na safari ya kwenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro imeshahesabiwa humo: wa 6 hupoteza 7.3, wa 10 hupoteza 4.4, wa 16 hupoteza 2.8 na wa 25 hupoteza 1.75. Zidisha kwa 46 A, zidisha kwa mita 40, gawanya kwa 1,000.

Kwa wa 6 unapata volti 13.4, yaani asilimia 5.8 ya 230. Kwa wa 10 ni volti 8.1, asilimia 3.5. Kwa wa 16 ni volti 5.2, asilimia 2.2.

Kipimo kinachokubalika ni kupoteza si zaidi ya asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa vifaa vingine (volti 6.9 na 11.5), kuanzia mita hadi kifaa chenyewe. Soma hayo maneno ya mwisho mara mbili, kwani ndipo wengi wanapokosea: nyaya za ndani ya nyumba nazo zina fungu lao humo. Hita yako ikiwa na waya wa 4 wenye urefu wa mita 12 kutoka meni swichi, inapoteza volti 2.6 nyingine. Ukiwa na wa 6 toka getini, jumla inafika volti 16, mbali sana na mpaka. Ukiwa na wa 10 inafika 10.7: hita imepita kwa kunyata, na taa saa hiyo ziko nje ya kipimo chao. Ukiwa na wa 16 ni 7.8, na unabaki na nafasi.

Ukijiuliza volti 16 zina ubaya gani, kumbuka kwamba umeme haufiki getini kwako ukiwa 230 kamili kila jioni. Ukifika 210, kwenye hita utabaki na 194. Maji yatakuwa ya uvuguvugu tu, kwa sababu joto la hita hushuka kwa mraba wa volti: 194 ni asilimia 84 ya 230, lakini moto unaopata ni asilimia 71. Hilo ni kero. Kwa AC, friji na pampu ni hasara hasa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara 4 hadi 6 ya kawaida yake kwa muda mfupi. Pampu yako ya 6 A inaomba 24 hadi 36 A pale inapoanza. Volti zikiwa chini, mota inashindwa kuchukua mwendo, inang'ang'ania mkondo huo mkubwa kwa sekunde nyingi, na koili zake zinachemka. Ukiona taa zinafifia kila pampu inapoanza, dalili ndiyo hiyo. Watu hubadilisha kompresa za friji mara kwa mara wakilaumu kiwanda, kumbe tatizo liko ardhini kati ya geti na nyumba.

Jirani yako ameliona jambo hili kinyume kabisa, na imani yake ni ya kawaida mitaani. Waya mnene hauli umeme. Waya mwembamba ndio unaokula, na unauchoma kuwa joto ardhini baada ya mita kuwa imeshauhesabu. Kwa mzigo wako wa 46 A, kebo ya mm² 6 inapoteza wati 618 njiani, ya mm² 16 wati 237. Tofauti ni wati 381. Mzigo huo ukidumu saa 1 tu kwa siku, ni unit 11 na ushee kila mwezi unazolipia bila kuzitumia. Na hasara hii hupanda kwa mraba wa mkondo: ukiongeza matumizi mara mbili, inapanda mara nne.

Kuna tiba mbili za mkato utakazopendekezewa, zikatae zote. Ya kwanza ni kuweka wa 6 kisha breka kubwa "ili isiwe inakata kata". Breka kuu ipo kulinda waya. Ukiweka ya 63 A juu ya waya wenye uwezo wa 41 A, umeuondoa ulinzi na kuacha kebo yenyewe iwe fyuzi. Ya pili ni kuvuta waya wa 6 mbili sambamba na kuziunga pamoja kila upande. Kwenye karatasi unapata mm² 12, lakini siku kiungo kimoja kikilegea waya mmoja unabeba kila kitu, na breka ya 50 A haitajua.

Kuhusu breka, dai ikae getini, kwenye boksi lisilopitisha mvua karibu na mita, pale kebo inapoanzia. Mafundi wengi huweka breka kuu ndani ya nyumba pekee. Hapo ikitokea jembe la mtunza bustani limepiga kebo, hizo mita 40 hazina kinga yako yoyote. Weka 50 A getini, na meni swichi yenye breka zake ndogo ndani.

Ethi sitaipitia haraka, kwa kuwa inaua. Nyumba nyingi za kwetu hutegemea rodi iliyopigwa ardhini. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa ohm 50, jambo la kawaida kwenye mchanga mkavu wa Pwani. Fezi ikigusa bodi ya friji, mkondo unaopita ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani 4.6 A. Breka ya 50 A haioni tofauti kati ya hiyo na pasi ya mtu anayenyoosha nguo. Haitakata kamwe, na bodi ya friji itakaa na umeme ikimsubiri mtoto. Kinga ya kweli hapo ni RCD, kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwa fezi na unaorudi kwa nyutro, kikikata tofauti inapotokea. Weka ya milliampea 30 ndani kwa soketi na hita, na ya milliampea 100 yenye kuchelewa kidogo getini, ili ya ndani iwahi kukata kwanza. Waya wa ethi unaoambatana na kebo ya 16 uwe wa 16 pia. Zile nyaya za chuma za kinga nazo ziunganishwe kwenye ethi kwa glandi yake (kifungio kinachobana kebo inapoingia kwenye boksi), zisiachwe zikining'inia ndani ya boksi.

Ukienda kununua, nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene), na mwombe muuzaji akate kipande. Waya wa shaba wa mm² 16 wa nyuzi nene una nyuzi 7, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 1.70. Wa 10 una nyuzi 7 za milimita 1.35, na wa 6 nyuzi 7 za 1.04. Ukipima ukakuta 1.5 kwenye waya ulioandikwa 16, unauziwa karibu mm² 12. Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na sumaku haitakusaidia kuigundua kwa sababu alumini haivutwi. Mizani nayo haidanganyi. Mita 1 ya waya mmoja wa mm² 16 ina gramu 142 za shaba tupu, kwa hiyo roli la mita 100 haliwezi kuwa chini ya kilo 14 hata ukivua ganda lote. Tafuta alama ya TBS na jina la kiwanda lililochapwa kwenye ganda lenyewe, na usitegemee karatasi iliyobandikwa kwenye roli.

Nunua mita 45. Kebo inapanda ukutani pande zote mbili, inaingia kwenye boksi, inahitaji akiba ya kuunganishia. Kuungia kebo katikati ya mfereji kwa sababu imepungua mita mbili ni kosa litakalokutesa kila masika.

Mfereji uwe na kina cha sentimita 60 au zaidi. Tandaza mchanga safi sentimita 5 hivi, laza kebo ikiwa imelegea kidogo, funika kwa mchanga tena, weka tofali au utepe wa tahadhari, ndipo urudishe udongo. Pale gari linapopita, ipitishe ndani ya bomba la inchi 2. Mikunjo iwe mipana. Piga picha mfereji ukiwa wazi, na futi ya kupimia ionekane ikitoka ukutani. Atakayechimba bomba la maji baadaye atakushukuru.

Sehemu inayoharibika zaidi ni maungio. Kabla ya kununua meni swichi, hakikisha tundu lake la kuingizia waya linapokea 16. Fundi akikuta tundu dogo, mkono humwasha kukata nyuzi mbili ili waya uingie. Nyuzi 5 kati ya 7 ni mm² 11 tu, na pale ndipo patakapochemka. Ncha zibanwe kwa lagi (vichwa vya chuma vya kuvalisha ncha ya waya) za saizi yake kwa koleo maalumu, si kwa kugongwa na nyundo. Skrubu zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifaa, kisha fundi arudi baada ya wiki chache za matumizi azikaze upya, kwani nyuzi za shaba hujipanga na kulegea kidogo chini ya mbano. Na shaba isikutane uso kwa uso na alumini. Zikipata unyevunyevu alumini huliwa, hivyo kuna viunganishi maalumu vya kuzikutanisha.

Alumini yenyewe si mbaya, na laini nyingi za nguzoni ni alumini. Ukinzani wake ni mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo alumini ya 25 inafanya kazi karibu sawa na shaba yako ya 16, kwa bei nafuu zaidi. Mimi siipendekezi kwa kebo ya nyumbani iliyofukiwa, kwa sababu inataka ustadi mkubwa kwenye ncha, na ustadi huo haupatikani kwa kila fundi. Ukiwa na fundi anayeifahamu na glandi na lagi zake zipo, ni chaguo halali.

Wa 10 utakufaa iwapo bajeti imebana kweli, hita utaibadilisha kwa ya jua, na huna mpango wa kuongeza AC. Bila hita, mzigo wako unashuka hadi 26 A, na hapo wa 10 unapoteza volti 4.6 tu. Mimi ningeogopa hilo neno "huna mpango wa kuongeza". Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania, na jiko la umeme la presha limeshaanza kuingia majikoni. Kuchimba na kufukia kunagharimu sawa kwa wa 10 na wa 16; unachoongeza ni bei ya shaba pekee.

Kwa wasomaji wengine wenye mzigo kama huu: umbali ukiwa mita 15, wa 10 unapoteza volti 3 tu na unatosha kabisa. Ukiwa mita 70, wa 16 unapoteza volti 9, nendeni kwenye wa 25. Na ukitarajia mashine ya kuchomelea, oveni kubwa au AC nne, omba TANESCO fezi tatu mapema, kwani mzigo unagawanyika na kebo ya kila fezi inakuwa nyembamba.

Kazi yenyewe usiifanye kwa mikono yako. Ipe kwa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, umwombe akuandikie urefu, mzigo na kushuka kwa volti alikokokotoa; akikataa kuandika, tafuta mwingine. Kazi ikiisha, mwambie apime volti getini baada ya mita na tena kwenye meni swichi, hita, jiko na AC zikiwa zimewashwa pamoja. Tofauti ikizidi volti 6, kuna kiungo kimelegea au kebo si 16 uliyolipia, na asilipwe salio hadi apapate. Volti zikiwa chini tayari pale kwenye mita, suala ni la TANESCO, wapelekee taarifa yenye saa na vipimo. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, ukigusa boksi la mita likawa la moto, au bomba la maji au geti la chuma likakupiga shoti hata ndogo, zima breka ya getini na umwite fundi siku hiyohiyo. Boksi likiwa linatoa moshi au cheche, usiliguse hata kwa kuzima breka. Kaa mbali, waweke watoto mbali, na upigie TANESCO dharura.